Tusimnyunyizie Tusiyemjua

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Ila kwetu Bahati, mwendo mfupi tu kutoka mjini Nakuru, mwaka wa 2017 kilichotula hakikuwa nguoni. Kilikuwa moyoni mwa muhindi. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu wakati huo, lakini nakumbuka kama jana. Asubuhi moja mama alirudi kutoka shambani akiwa ameshika jani lililojaa matundu kama chujio la chai. Akaliweka mezani, asiseme neno. Baba akalitazama, akachukua kofia yake, akashika njia ya madukani.

Alirudi na chupa ya dawa. Akachanganya, akabeba pampu mgongoni, akanyunyiza. Wiki moja baadaye viwavi walikuwa wangali wanakula tu, tena bila haya. Akarudi agroveti, akaambiwa aongeze kipimo. Akaongeza. Mara ya tatu akauziwa dawa nyingine, ati achanganye na ile ya kwanza. Mara ya nne alirudi nyumbani macho mekundu kama pilipili, na usiku kucha alikohoa. Hakuwa na glavu wala barakoa. Leso ya mama ndiyo iliyomfunika pua. Mwishowe tulivuna magunia manne mahali tulipozoea kuvuna ishirini, na karo ya kaka yangu ikalipwa kwa kuuza ndama.

Mpenzi msomaji, sikusimulii haya ili unionee huruma. Wengi wetu tunaosoma hapa tumetoka Njoro, Rongai, Subukia, Molo na kwingineko, na kila nyumba ina hadithi yake ya viwavi jeshi wa mwaka ule. Nasimulia kwa sababu nimegundua jambo ambalo limenikosesha usingizi. Ni hili: maarifa ambayo yangemsaidia baba yamo ndani ya kitabu chetu cha Biolojia, na sisi tunayakariri kwa ajili ya alama mbili.

Mnakumbuka tulipofika mada ya ukuaji. Mwalimu aliandika ubaoni: ekidisoni humfanya mdudu avue gamba, homoni ya utoto humzuia asikomae. Jirani yangu wa dawati akaninong'oneza, "Wewe meza tu, hiyo ni alama mbili za bure." Nikacheka, nikameza. Usiku bwenini ndipo nikajiuliza: huyu mdudu anayevua gamba si ndiye yule yule wa shambani kwetu? Mbona hakuna aliyeniambia? Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza, na haya ndiyo maoni yangu: tunapoteza pesa, mazao na afya kwa kumnyunyizia mdudu tusiyemjua, ilhali siri zake zimechunguzwa humu humu nchini kwetu.

Hebu tuanze na mdudu mwenyewe. Sisi mifupa yetu imo ndani. Yeye mfupa wake ni gamba la nje, na gamba halitanuki kama ngozi yetu. Akitaka kukua hana budi kulivua na kuvaa jipya. Je, ni nani humwambia wakati umefika? Ubongo wake hutoa ujumbe wa kemikali. Ujumbe huo hufika kwenye tezi iliyo kifuani, nayo tezi humwaga ekidisoni katika damu. Homoni hiyo hupenya ndani ya seli hadi kwenye kiini, ikakutana na kipokezi chake kama ufunguo na kufuli. Hapo jeni zinazohusika hufunguliwa, na kazi ya kutengeneza gamba jipya huanza.

Mimi huifananisha ekidisoni na kengele ya shule. Kengele ikilia, kila mtu anajua ni wakati wa kuhama. Lakini kengele haisemi unahamia wapi! Hilo huamuliwa na homoni ya utoto, inayotoka kwenye tezi ndogo karibu na ubongo. Homoni hii ni kama barua ya mwalimu mkuu inayosema, "Huyu bado mtoto." Kengele ikilia na barua ipo, kiwavi huvua gamba na kuwa kiwavi mkubwa zaidi. Barua ikipungua, kengele ikilia anakuwa pupa. Barua ikikosekana kabisa, kutoka kwenye pupa anatokea nondo mwenye mabawa, tayari kutaga mayai mia na zaidi kwa mpigo mmoja katika shamba la jirani.

Haya si mambo ya kubuni. Miaka ya 1930 Mwingereza V. B. Wigglesworth alimchunguza mdudu mmoja wa Amerika ya Kusini anayefyonza damu kama kunguni. Mdudu huyo hushiba damu mara moja, na baada ya siku kadhaa huvua gamba. Wigglesworth alimkata kichwa mara tu baada ya kushiba. Msishangae, mdudu anaweza kuishi miezi mingi bila kichwa! Aliishi, ila hakuvua gamba kamwe. Mwingine akakatwa kichwa siku kadhaa baadaye, na huyo akavua gamba hivyo hivyo bila kichwa. Kisha akawaunganisha wawili hao ili damu yao ichanganyike. Wote wawili wakavua gamba. Hapo ikawa wazi kwamba amri hiyo husafiri katika damu. Miaka mingi ikapita kabla ya kuijua kemikali yenyewe: mwaka wa 1954 Butenandt na Karlson wa Ujerumani walitumia kilo 500 za pupa wa nondo wa hariri ili kupata miligramu 25 tu za ekidisoni.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo lililonifanya nisimame wima kitandani. Huyo Wigglesworth alikuwa na mwanafunzi Mkenya huko Cambridge. Jina lake Thomas Risley Odhiambo, aliyezaliwa mwaka wa 1931 na kufariki 2003. Katika miaka ya 1960 alichunguza tezi za homoni za nzige wa jangwani. Aliporudi nyumbani hakukaa akisubiri kuajiriwa. Mwaka wa 1970 alianzisha kituo cha ICIPE, yaani Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ekolojia ya Wadudu, ambacho makao yake yako Kasarani, Nairobi. Mahali pale panaitwa Duduville, kutokana na neno letu wenyewe, mdudu. Kutoka hapa Nakuru ni safari ya matatu ya saa tatu hivi. Lakini waulize wanafunzi kumi wa shule hii Odhiambo ni nani. Wanasoka wa Uingereza tunawajua hadi namba za jezi!

Tena kuna la kushangaza zaidi. Miaka ya 1970 watafiti waliofanya kazi na ICIPE walitambua kwamba viwavi jeshi wa Afrika wanapovamia malisho, kuna mmea mmoja mchungu wa nyanda za juu wanaouruka. Wataalamu huuita Ajuga remota, na Wagikuyu huuita wanjiru wa rurii. Nyanya yangu aliuchemsha kwa watu wenye homa, na mimi mwenyewe niliwahi kuonja kikombe chake. Walai, uchungu wake sitausahau! Ndani ya mmea huo wanakemia Isao Kubo na Koji Nakanishi walipata kemikali zinazomfanya kiwavi akatae kula. Baadaye ikaonekana kwamba una pia kemikali za jamii ya ekidisoni. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka wa 1981, mabuu ya nondo wa hariri yalilishwa dondoo za mmea huo. Kengele ikalia ndani ya miili yao kabla ya wakati, tena na tena, lakini gamba la zamani halikuvuka. Yakaishia na vichwa viwili vitatu, kimoja juu ya kingine, midomo imezibwa. Yakafa njaa chakula kikiwa mbele yao.

Mnaona? Mmea huu hauna miiba wala miguu ya kukimbia, ila umejifunza kughushi kengele ya adui yake. Nyanya hakwenda chuo kikuu, lakini ameishi na mwanakemia nyuma ya jiko miaka yote hiyo. Sisi tumekuwa tukimng'oa kama gugu.

Najua wapo watakaonipinga, na ni haki yao. Wa kwanza atasema, "Wacha hadithi, kiwavi ni kumwua tu. Sumu ni sumu." Namjibu hivi. Dawa nyingi za zamani za wadudu huvuruga ujumbe wa neva. Kuna kemikali inayopitisha ujumbe kutoka neva moja hadi nyingine, na mwili una kimeng'enya cha kuifuta ujumbe ukishafika. Dawa hizo hukizuia kimeng'enya hicho, na ujumbe haukomi. Shida ni kwamba neva za kiwavi na neva za baba yangu hutumia kemikali ile ile. Ndiyo maana macho yalimwiva na kifua kikambana. Lakini binadamu havui gamba. Hatuna kipokezi cha ekidisoni katika seli zetu. Dawa inayolenga kengele ya kiwavi inalenga kitu ambacho sisi hatunacho. Je, si busara kulenga hapo kwanza?

Hata pareto yetu, ambayo kwa miaka mingi katika karne iliyopita iliifanya Kenya kuongoza ulimwenguni, na ambayo kiwanda chake kiko papa hapa Nakuru, hufanya kazi kwa kukwamisha milango ya neva za mdudu isifunge. Sifa yake moja ni kwamba huharibika upesi juani, haikai shambani ikimngoja mtoto wa mtu. Kwa hivyo sisemi sumu zote ni sawa. Nasema tujue kila moja inafanya nini.

Wa pili atasema, "Basi tununue hizo dawa za homoni, tumalize maneno." Pole pole, ndugu. Hapa ndipo kujua nusu kunapoweza kuleta hasara kamili. Zipo dawa zinazoiga homoni ya utoto. Ukimpa mbu aliye bado buu majini, atashindwa kuwa mbu kamili, na hilo ni jema, kwa kuwa anayetuuma ni mbu aliyekomaa. Kemikali moja ya aina hiyo, piriproksifeni, hata imetiwa katika baadhi ya vyandarua. Lakini fikiria ukimpa kiwavi wa mahindi barua ya "bado mtoto". Si atabaki kiwavi kwa muda mrefu zaidi, akiendelea kula? Kwa kiwavi inafaa dawa inayoiga kengele, ile ya ekidisoni, inayomlazimisha kuvua gamba asipokuwa tayari. Homoni ni mbili, wadudu ni wawili, na majibu ni mawili tofauti. Asiyejua tofauti hiyo atauziwa chochote.

Tena dawa hizi hazimwangushi kiwavi saa ile ile. Zinachukua siku kadhaa. Mkulima anayetaka kuona maiti jioni atadhani ametapeliwa, aongeze nyingine. Bei yake nayo si ya kila mfuko. Na tusijidanganye kwamba kila kinachoitwa cha homoni hakina madhara. Kaa na kamba nao huvua gamba kwa homoni za jamii hiyo hiyo. Katika ziwa Naivasha wamo kamba wa maji baridi walioletwa tangu mwaka wa 1970, na kinachonyunyizwa katika mashamba yaliyo juu yake mvua inaweza kukipeleka ziwani. Kwa hiyo hata silaha nzuri inahitaji mkono wenye akili.

Wa tatu atasema haya ni mambo ya maabara, mkulima hayamhusu. Huyo ndiye ninayetaka kubishana naye hasa. Kwa nini dawa ya baba ilishindwa? Kiwavi jeshi yule aliyetoka Amerika, ambaye aligunduliwa barani Afrika mwaka wa 2016 na kufika Kenya 2017, hupitia hatua sita za ukiwavi. Katika hatua za mwanzo ni mdogo kama uzi, na anakula kidogo sana. Sehemu kubwa ya ulafi wake hutokea katika hatua ya mwisho. Wakati huo ameshajichimbia moyoni mwa muhindi, juu yake amejifunika kwa kinyesi chake kama kizibo, na hula zaidi usiku. Baba alinyunyiza saa sita za mchana, baada ya kuona matundu makubwa. Dawa haikumfikia. Na hata asingenyunyiza, siku chache baadaye kengele ya mwisho ingelia, kiwavi angeshuka udongoni na kuwa pupa. Zile chupa nne zilikuwa pesa za kumwaga. Laiti angemwona wiki mbili mapema, akiwa mdogo, akanyunyiza alfajiri au jioni, chupa moja pengine ingetosha.

Hiyo si maabara, ni shamba. Na kukagua ni bure: tembea shambani kwa mtindo wa herufi W, simama mahali patano, kagua mimea kumi kila mahali. Tazama majani machanga yenye vidirisha vidogo vyeupe. Huyo ndiye kiwavi mchanga.

Isitoshe, wadudu hawatumii kemikali ndani ya miili yao peke yake. Wanaandikiana barua hewani pia, na hizo ndizo feromoni. Nondo jike humwita dume kwa harufu, na mtego wenye harufu hiyo humweleza mkulima kwamba nondo wameingia kabla hajaona tundu hata moja. Mimea nayo ina lugha yake. Kule Mbita, kando ya ziwa Viktoria, ICIPE na wenzao wa Rothamsted wa Uingereza walibuni njia ya kusukuma na kuvuta: desmodiamu ikipandwa katikati ya mahindi hutoa harufu inayomfukuza nondo, na majani kama nepia yakizungushwa pembeni humvuta kwao. Utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha idadi ya viwavi jeshi kwa kila mmea ikipungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika mashamba ya namna hiyo. Na desmodiamu ni chakula cha ng'ombe. Nepia kwetu Bahati iko kila kona, tunachokosa ni kujua mahali pa kuipanda.

Mwaka wa 2020 nzige walipotanda kaskazini mwa nchi, tulitazama ndege zikinyunyiza. Wachache waliambiwa kwamba nzige mpweke hugeuka kuwa nzige wa kundi kwa sababu ya serotonini, kemikali ya ujumbe iliyo katika neva zake, kama ilivyothibitishwa mwaka wa 2009. Akisuguliwa miguu ya nyuma kwa saa chache tu, kama anavyosuguana na wenziwe wanapobanana, tabia yake inabadilika. ICIPE nao waligundua kwamba harufu ya nzige dume waliokomaa huvuruga makundi ya nzige wachanga, wakatawanyika. Haya yote ni mambo ya kwetu, mpenzi msomaji, lakini tunayasikia kama habari za mwezini.

Basi tufanyeje? Mimi naona chama chetu cha Kiswahili kina kazi hapa, na si kazi ya chama cha Sayansi peke yake. Mkulima wa Subukia hatakaa chini asome jarida la wataalamu, lakini ukimwambia "kengele" na "barua", ataelewa kabla hujamaliza sentensi. Lugha tunayo. Napendekeza kila mwaka kabla ya msimu wa kupanda tuandike ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi juu ya mdudu mmoja, kila mwanafunzi aupeleke kwao. Napendekeza pia shamba la shule litengewe kipande cha desmodiamu na nepia, ili mada ya ukuaji isomwe pale, kiwavi akiwa mkononi. Walimu wetu wapendwa, sisemi mtihani hauna maana. Nasema alama mbili ni chache mno kwa kitu kilichotugharimu magunia kumi na sita.

Likizo ya Aprili nilimweleza baba haya yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nililima kabla hujazaliwa." Nikadhani mambo yameishia hapo. Kesho yake asubuhi alinikuta nikikagua mahindi kwa mtindo wa W. Akasimama akinitazama, mikono kiunoni. Nikamwonyesha kiwavi mwembamba kama uzi. Akainama, akavaa miwani, akamtazama sana. "Kumbe ndiye huyu," akasema. Kisha akanipimia kwa hatua zake mistari sita ya mahindi karibu na zizi, akaniambia hiyo ni yangu, nifanye nitakavyo, ila mavuno yakiharibika nisimtafute.

Nimepanda desmodiamu kati ya mistari na nepia pembeni. Kwenye kona moja nimeuacha wanjiru wa rurii wa nyanya, usiguswe na jembe. Hesabu ya magunia, iwe nzuri au mbaya, nitaileta katika toleo la mwaka ujao.